Simu za Mwakani na Jasho la Mlali

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangalikuwa hai leo, wakaona jinsi simu za mkononi zinavyotembezwa masikioni mwa watu mwaka mzima kabla hazijatoka kiwandani, pengine wangaliongeza neno la tatu: na kisichozaliwa bado chasifiwa kupita vyote.

Tulikuwa Mlali, chini ya milima ya Uluguru upande wa machweo, siku ya kupakia nyanya. Wasomaji wetu wengi wapajua mahali hapo. Ukitoka Morogoro ukaipita Mzumbe, barabara yaingia Mlali kabla haijaanza kuparamia milima kwenda Mgeta. Matenga ya nyanya yalipangwa kando ya njia, na magari yaliyoshuka na kabichi na karoti za Mgeta yalisimama kungoja mizigo zaidi. Chini ya mwembe, vijana wapakizi watano au sita walikizunguka kioo cha simu moja, wakibishana kwa sauti kubwa juu ya simu ambayo itatoka mwakani. Mmoja alisema itakunjwa mara tatu kama barua. Wa pili akasema betri yake haitaisha kwa siku mbili. Wa tatu akaapa kwamba itasema Kiswahili safi na kujibu kila swali la mwenye kuiuliza. Hapana hata mmoja kati yao aliyekwisha kuishika simu hiyo, wala hapana duka lolote duniani lililokuwa nayo.

Karibu nao aliketi mama mmoja mwenye matenga yake manne. Vijana walimwamkia, “Shikamoo mama,” akaitikia, “Marahaba wanangu,” kisha akaendelea kuwasikiliza kwa tabasamu. Mkononi alikuwa na kitochi, kifuniko chake kimefungwa kwa mpira. Tulipomwuliza yeye aitaka simu ya namna gani, alijibu pasipo kufikiri sana: “Ya kukunjwa siitaki. Nataka isiyozimika wakati dalali hajataja bei.” Akatueleza kwamba juma lililopita alikuwa akingoja mwanawe ampigie kutoka Dar es Salaam kumpa bei ya sokoni. Simu ikazimika, gari likawa laondoka, naye akauza kwa bei aliyotajiwa pale pale njiani.

Maneno ya mama huyo ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya. Hatuwacheki vijana wale. Mtu atakayelipia chombo kwa jasho lake ana haki ya kuuliza chombo hicho kitakuwaje. Lakini yafaa tujue uvumi huu watoka wapi, upi una mizizi na upi ni moshi mtupu, na katika yote yanayovumishwa ni lipi litakalomfaa mkulima wa Mlali na mfanyakazi wa Morogoro.

Kwanza tuitazame asili ya uvumi wenyewe. Simu ina sehemu mbili: vifaa vyake vinavyoshikika, yaani kioo, betri, kamera na zile chipu ndogo zinazofanya hesabu na kuhifadhi kumbukumbu, na programu, ambazo ndizo amri zinazoviongoza vifaa hivyo. Hapana kampuni moja inayotengeneza vyote peke yake. Chipu huchongwa Taiwan, vioo na kumbukumbu hutoka Korea, macho ya kamera nyingi hutoka Japani, na kuunganishwa hufanyika Uchina, India au Vietinamu. Kazi hiyo huanza miaka miwili au mitatu kabla ya siku ya kuuza, na siri iliyo katika mikono mingi namna hiyo haikai. Mtengenezaji wa vifuniko apewa vipimo, ofisi za serikali za kupima mawimbi zatoa vyeti vinavyosomwa na kila mtu, na mafundi wa programu wavumbua majina ya vifaa vipya ndani ya matoleo ya majaribio. Wakati mwingine ni uzembe tu: mwezi wa Machi 2010 fundi wa kampuni ya Apple aliisahau katika baa moja ya California simu ambayo ilikuwa haijatangazwa, na mwezi uliofuata picha zake zilienea dunia nzima.

Lakini, ndugu msomaji, si kila siri huvuja kwa bahati mbaya. Uvumi ni tangazo lisilolipiwa. Asikiaye kwamba simu ya mwakani itakuwa ya ajabu, huanza kuiona aliyo nayo kuwa takataka, hata kama yapiga na kupokea bila kasoro. Tamaa hupandwa mapema ili mavuno yawe tayari siku ya soko. Kijana wa Mlali auzaye mbuzi ili anunue simu ya toleo jipya, na baada ya miezi kumi na miwili aambiwe kuwa imekwisha kuwa ya kale, yampasa ajiulize nani ameyavuna mavuno hayo.

Sasa tuyapime mambo yenyewe. Jambo la kwanza linalovumishwa ni chipu. Kampuni ya TSMC ya Taiwan ilianza mwishoni mwa 2025 kutengeneza kwa wingi chipu za kizazi kinachoitwa cha nanomita 2. Jina hilo ni la kizazi tu, wala si kipimo halisi cha kitu fulani ndani yake. Faida yake ni kwamba chipu yafanya kazi ile ile kwa umeme kidogo zaidi. Chipu hizo zitaanza katika simu za bei kubwa, na itachukua miaka hata ziteremke kufikia simu za wanyonge. Kwa hiyo mtu wa Mlali asikeshe akizingoja.

Jambo la pili halisemwi sana chini ya mwembe, nalo ndilo zito. Kumbukumbu za simu zatengenezwa kwa sehemu kubwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea, na Micron ya Marekani. Tangu kuzuka kwa mashine kubwa za akili mnemba, kampuni hizo zimepeleka nguvu zao kwenye kumbukumbu za mashine hizo, kwa maana faida yake ni kubwa zaidi. Matokeo yake ni kwamba mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu za kawaida ilipanda kwa kasi, na wachunguzi wa biashara wakakadiria kuwa katika 2026 bei za simu zitapanda, na zitakazoumia zaidi ni simu za bei nafuu. Sababu yake yaeleweka. Katika simu ya shilingi milioni tatu, gharama ya kumbukumbu yaweza kujificha. Katika simu ya shilingi laki moja na nusu haina pa kujificha. Ama bei itapanda, ama kumbukumbu itapunguzwa, na simu yenye kumbukumbu finyu hugandaganda kila ifunguapo programu mbili.

Na hapa ndipo ulipo mgongano wenyewe. Mwezi wa Oktoba 2025, huko Kigali, chama cha makampuni ya simu duniani, GSMA, pamoja na makampuni makubwa yafanyayo kazi katika Afrika, walitangaza vipimo vya chini vya simu janja ya 4G ambayo yataka iuzwe kwa dola 30 hadi 40. Nia hiyo ni njema, na kama ingetimia, mama tuliyemkuta Mlali angekuwa wa kwanza kunufaika. Lakini simu hiyo ya dola 40 yahitaji kumbukumbu ile ile ambayo mashine za akili mnemba za Marekani na Uchina zainunua kwa bei yoyote. Mkulima wa nyanya na tajiri mkubwa wa dunia wamekutana katika foleni moja, na twajua sote ni nani husukumwa nyuma foleni inapokuwa ndefu.

Jambo la tatu ni betri. Hapa uvumi una kweli ndani yake. Tangu 2023 makampuni ya Kichina yameanza kuuza simu ambazo katika betri zake silikoni imechanganywa na kaboni. Silikoni yaweza kubeba umeme mwingi zaidi katika nafasi ile ile, ingawa ina tabia ya kuvimba, na ndiyo sababu yachanganywa kwa kiasi kidogo. Kufikia 2025 simu zenye betri za miliampea-saa 7,000 na kuzidi zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni. Haya ndiyo maendeleo tunayoyapongeza, kwa maana mahali ambapo umeme hukatika au nyumba haijafikiwa na nguzo, betri hupita kamera zote kwa thamani.

Tena betri hiyo yatugusa kwa njia nyingine. Katika betri ya simu, upande mmoja hujengwa kwa madini ya kinywe, na hata hizo mpya zenye silikoni, sehemu kubwa bado ni kinywe. Kinywe hicho kiko Mahenge, katika Wilaya ya Ulanga, mkoa huu huu wa Morogoro, na Serikali yetu ina hisa 16 kwa mia katika kampuni ya Faru Graphite iliyoundwa kwa ajili ya kukichimba. Kobalti yatoka Kolwezi, na koltani yatoka Rubaya katika Kivu ya Kaskazini. Wala si mara ya kwanza kwa milima yetu kuulisha ulimwengu wa umeme. Tangu enzi za Wajerumani ulanga, yale madini yang'aayo yanayobanduka kama kurasa za kitabu, ulichimbwa katika milima ya Uluguru ukapelekwa ng'ambo, ukatiwa katika vyombo vya umeme ambavyo wachimbaji wenyewe hawakuwa na uwezo wa kuvinunua. Babu alichimba, mwingine akawasha taa. Haitapendeza mjukuu achimbe kinywe, naye simu yake izimike mbele ya dalali.

Jambo la nne ni setilaiti. Yasemwa kwamba simu zijazo hazitahitaji mnara. Tangu 2022 kampuni ya Apple imeziwezesha simu zake kuomba msaada wa dharura kwa setilaiti mahali pasipo na mnara, na mwezi wa Desemba 2025 Airtel Africa ilitangaza makubaliano na SpaceX ya kuziunganisha simu za kawaida moja kwa moja na setilaiti katika nchi 14, kwa kuanzia na ujumbe mfupi na baadhi ya programu, na kwa kutegemea ruhusa ya kila serikali. Kwa mtu aliye katika bonde la Uluguru ambako mlima huyakinga mawimbi, hili si jambo dogo. Lakini setilaiti haitaondoa haja ya minara. Uwezo wake wagawanywa kwa watu wengi mno, na simu iliyo ndani ya nyumba haiioni mbingu. Mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, ambayo Serikali iliitia saini mwezi wa Mei 2023, yabaki kuwa ndiyo kazi ya msingi, na wananchi wana haki ya kuifuatilia mnara kwa mnara.

Tumekuja kwenye programu, na hapa ndipo mnunuzi hudanganyika zaidi, kwa sababu programu haionekani kwa macho. Mtu hugeuza simu dukani, akaipima uzito, akahesabu kamera zake, hamwulizi mwuzaji, “Ndugu, simu hii itapata marekebisho ya programu kwa miaka mingapi?” Tangu Oktoba 2023 kampuni ya Google, na tangu Januari 2024 kampuni ya Samsung, zimeahidi miaka saba kwa simu zao za bei ya juu. Simu nyingi za bei ya chini hupata miaka miwili, na nyingine hazipati hata mmoja. Yaani mwenye kipato kikubwa auziwa chombo cha miaka saba, na mwenye kipato kidogo auziwa chombo cha miaka miwili, ambacho atalazimika kukinunua tena na tena. Kwa hesabu hiyo rahisi yaweza kuwa ghali.

Tena mfano tunao hapa nyumbani. Mwaka 2019 waliuziwa watu wetu simu ndogo zenye vitufe na programu ya KaiOS, nazo zilipendwa, kwa maana zilikuwa na bei nafuu, betri yake ilidumu, na WhatsApp ilifanya kazi ndani yake. Mwaka 2024 WhatsApp iliacha kupakuliwa katika simu hizo, na mwanzoni mwa 2025 ikakoma kabisa. Simu zilikuwa nzima, vitufe vizima, betri nzima. Lakini kile ambacho wengi walizinunulia kiliondolewa na watu walio mbali ambao hawakumwuliza mwenye simu hata neno moja. Hivyo basi, yafaa kila mtu ajue kuwa simu janja haiwi mali yake yote. Vifaa ni vyake. Programu ni kama amekopeshwa.

Na vipi simu itakayosema Kiswahili? Kijana yule wa tatu hakukosea. Programu za akili mnemba zilizopo leo zaelewa Kiswahili na kukijibu, ingawa mara nyingi ni Kiswahili cha kitabuni. Makampuni sasa yataka akili hiyo ikae ndani ya simu yenyewe, ifanye kazi pasipo mtandao. Jambo hilo lingalimfaa sana mkulima: apige picha ya jani la nyanya lenye madoa, aulize kwa kinywa chake, ajibiwe bila kununua bando. Lakini akili hiyo yahitaji kumbukumbu kubwa, na tumekwisha kuona kumbukumbu imekwenda wapi. Tena yahitaji kufundishwa. Mashine haitajua mtu wa Mlali asemaje “kantangaze” au “mnyauko” ikiwa hapana aliyeifundisha. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiko Morogoro, Chuo Kikuu cha Mzumbe ni jirani ya Mlali, na Siku ya Kiswahili Duniani huadhimishwa kila tarehe 7 Julai kwa azimio la UNESCO la 2021. Twawaomba wasomi wetu siku hiyo isiwe ya hotuba tu. Maarifa ya kilimo yaandikwe na kurekodiwa kwa Kiswahili cha mkulima, ili yamfikie hata yule asiyejua kusoma vizuri.

Yapo mafunzo ya historia ambayo watu wa Uluguru hawakuyasoma vitabuni. Yalipita miguuni pao. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuhifadhi ardhi ya milima hii, ikawalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Mwezi wa Julai 1955 watu wa Matombo, upande wa mashariki, walikusanyika kuyakataa. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Lakini upande wa Mgeta, juu ya Mlali, matuta yalishika, kwa sababu huko mboga zilizopandwa juu yake zilikuwa na maji na soko, zikamlipa aliyechimba. Waluguru ni wale wale na jembe ni lile lile. Kilichotofautisha ni kwamba upande mmoja chombo kilimtumikia mkulima, na upande wa pili mkulima alitumikishwa kwa ajili ya chombo. Kipimo hicho cha Matombo na Mgeta ndicho tunachotaka kiwekwe juu ya kila simu ya mwakani.

Wako watakaosema, “Sisi ni wanunuzi wadogo, nani atatusikiliza?” Twajibu kwamba simu hubadilishwa na sheria kama inavyobadilishwa na mafundi. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliamuru kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu zote mpya zitumie chaja ya aina moja. Kuanzia tarehe 20 Juni 2025 ziliamuru betri ibakize asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800, vipuri vipatikane kwa miaka saba, na marekebisho ya programu yatolewe kwa miaka isiyopungua mitano. Makampuni yalinung'unika, kisha yakatii. Sisi katika Afrika Mashariki tu watu wengi, na tukinena kwa sauti moja hatuwezi kupuuzwa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilionyesha nguvu hiyo mwezi wa Juni 2016 ilipozifungia simu bandia. Simu bandia zilikuwa adui wa mnunuzi. Simu halali inayokufa baada ya miaka miwili nayo si rafiki yake. Twapendekeza kila sanduku la simu liuzwalo nchini liandikwe kwa Kiswahili, wazi wazi: miaka ya marekebisho ya programu, muda wa betri, na upatikanaji wa vipuri.

Na wakati tukingoja hayo, kila mtu aanze na lililo mikononi mwake. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06# ulinganishe namba itokeayo na ile iliyo kwenye sanduku. Uliza miaka ya programu. Uliza kama betri yabadilishika na fundi wa hapa hapa. Na kama simu uliyo nayo yapiga, yapokea na yatuma fedha, usiitupe kwa sababu ya picha ya simu ambayo haijazaliwa. Ushirika wa wakulima nao uone kwamba simu moja njema ya kikundi, yenye betri imara, ikishikwa na mtu mwaminifu wa kuuliza bei za masoko kila asubuhi na kuzibandika ubaoni, yaweza kuwa na faida kuliko simu ishirini dhaifu.

Tulipoondoka Mlali jua lilikuwa limekwisha kuushika mgongo wa mlima. Vijana walikuwa wamemaliza kupakia, na ubishi wao ulikuwa umeanza upya. Mmoja wao alichukua kitochi cha yule mama, akakichomeka kwenye chaja ya gari iliyokuwa ikingoja dereva, akamwambia, “Mama, kaa nacho hapa mpaka kijae.” Mwanawe alipopiga, simu iliita, na safari hii mama alijua bei kabla ya dalali kufungua kinywa. Wenye viwanda huko mbali na wabuge wa mabaraza yetu hapa nyumbani wakumbuke kwamba simu ya kesho itapimwa pale, mbele ya matenga manne ya nyanya.